Barua ya wazi kwa Waziri mwenye dhamana ya kazi na kwa wamiliki wa kampuni za wakala wa ajira

Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya kazi na ajira,
Ndugu wamiliki na wakurugenzi wa kampuni za wakala wa ajira,

YAH: WAFANYAKAZI WANAOKAA MIAKA KWENYE MIKATABA YA MIEZI MITATU

Tafadhali husikeni na mada tajwa hapo juu.

Mimi ni karani wa mishahara katika kampuni moja kubwa hapa Dar es Salaam. Kampuni hiyo si mwajiri wangu. Mwajiri wangu, kwa mujibu wa karatasi, ni wakala ambaye mimi na wenzangu tunaonana naye wakati wa kusaini tu. Kila mwisho wa mwezi napokea ankara ya wakala huyo, naihakiki mstari kwa mstari na kuipeleka kwa mhasibu mkuu ilipwe. Jina langu nami limo humo. Kwa hiyo nakiona kiasi ambacho kampuni inalipa kwa ajili yangu, na nakijua kiasi kinachonifikia.

Tulianza kwa utaratibu. Tulimwandikia meneja rasilimali watu wa kampuni tunayoitumikia, akajibu kwamba sisi si wafanyakazi wake. Tukamwandikia wakala, akajibu kwamba masharti yetu yanapangwa na mteja. Tukapeleka malalamiko kwenye ofisi ya serikali inayohusika. Nakala yetu ikagongwa muhuri wa kupokelewa, na baada ya hapo kimya. Ndiyo maana leo naandika hadharani. Sitaji jina la kampuni wala la wakala, kwa sababu haya hayako kwa mmoja. Muulizeni anayepokea simu yenu mnapopiga huduma kwa wateja, au kijana anayewapangia foleni benki, au anayepakia mizigo ghalani, nani anamlipa mshahara. Wengi watawatajia jina ambalo halipo kwenye sare waliyovaa.

Nina hoja moja, na malalamiko yote yanayofuata yanatoka humo: tumeruhusu biashara ambayo wakala analipwa kila mwezi ilimradi mtu asipate mwajiri wa kudumu. Malipo yakiendelea kupangwa hivyo, hakuna ukaguzi wala semina itakayotuthibitisha kazini.

1. Namna wakala anavyolipwa

Ziko njia mbili. Katika njia ya kwanza, kampuni inahitaji, tuseme, mhandisi wa umeme. Wakala anatangaza nafasi, anachuja maombi, anafanya usaili wa awali na kupeleka majina machache. Kampuni ikimchukua mmoja, inamlipa wakala ada mara moja tu, ambayo kwa kawaida hukokotolewa kama asilimia ya mshahara wa mwaka wa kwanza. Mhandisi anakuwa mfanyakazi wa kampuni, wakala anaondoka na jasho lake. Sina ugomvi na kazi hiyo. Ni kazi ya ujuzi, na nchi inawahitaji watu wanaoijua kuliko wakati wowote.

Njia ya pili ndiyo niliyomo mimi. Ankara ninayoihakiki inaanza na mshahara ghafi wa kila mtu. Chini yake upo mchango wa mwajiri wa NSSF, kisha wa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, kisha tozo ya kuendeleza ufundi stadi. Halafu unakuja mstari unaoitwa ada ya usimamizi, ambao ni asilimia ya hayo yote, na mwisho VAT. Ada hiyo inalipwa kila mwezi, kwa kila kichwa, mradi kichwa kipo.

Nauliza: usimamizi upi? Anayenipangia zamu ni msimamizi wa kampuni. Nikiuguliwa, namwomba ruhusa yeye. Kompyuta, dawati, beji ya kuingilia mlangoni, vyote ni vya kampuni. Nikikosea hesabu, anayeniita kujieleza ni mhasibu mkuu wa kampuni. Wakala anachofanya ni kuchukua fedha kutoka kwa kampuni na kuzipeleka benki zikiwa zimepungua.

Kuna jambo jingine ambalo mfanyakazi haonyeshwi, nami nalijua kwa kuwa faili liko mezani kwangu. Mkataba kati ya kampuni na wakala una kifungu kinachosema kampuni ikitaka kumwajiri moja kwa moja mtu wa wakala, imlipe wakala fidia. Mkuu wa idara akija na barua ya kuomba kijana wake bora aajiriwe, anajibiwa kwamba gharama ya kumhamisha haimo kwenye bajeti, aendelee hivyohivyo. Kijana anaambiwa avumilie, nafasi zitatoka. Hakuna anayemwambia kwamba yeye mwenyewe amewekewa bei.

2. Mikataba isiyokwisha na isiyoanza

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 14, ilitaja mkataba wa muda maalumu kuwa ni wa wataalamu na kada ya menejimenti. Mabadiliko ya mwaka 2025 yameongeza mazingira mengine, kama kazi za msimu, mradi mahsusi au kazi inapoongezeka kwa muda. Nakubaliana nayo. Mavuno ya miwa ni msimu. Ujenzi wa daraja una mwisho wake. Lakini mishahara ya kampuni haina msimu, Mheshimiwa. Simu za wateja hazina msimu. Mlinzi wa ghala ambalo limekuwa pale tangu sijamaliza shule anafanya kazi ya muda gani?

Miezi mitatu ikiisha, tunaletewa karatasi nyingine ya miezi mitatu. Mara nyingine huachwa siku chache katikati, mkataba wa zamani umekufa na mpya haujasainiwa, na siku hizo tunafika kazini kama kawaida, ila tunaandikwa deiwaka, yaani vibarua wa kutwa. Siku hizo chache zina kazi yake. Kiinua mgongo kwa sheria yetu ni mshahara wa msingi wa siku saba kwa kila mwaka uliokamilika, hadi miaka kumi, na anayestahili ni yule aliyetumika kwa mfululizo miezi 12 au zaidi. Anayeukata mfululizo anajua anachokikata.

3. Siku 30 za kutafuta mwajiri

Hapa naomba msome kwa utulivu, kwa sababu ndipo watu wanapoumia zaidi.

Mfanyakazi anayedai kuachishwa kazi isivyo halali ana siku 30 za kupeleka shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Mwenzetu mmoja wa ghalani alizuiwa getini asubuhi, beji yake haisomi. Mlinzi akampigia msimamizi, msimamizi akasema jina lake limeondolewa, aende kwa wakala. Kwa wakala akaambiwa mteja ndiye amemrudisha, waulizwe wao sababu. Akarudi kampuni, akaambiwa barua ya kumwachisha hutolewa na mwajiri wake, naye ni wakala. Wakala akasema hakuna barua kwa sababu hakuna aliyeachishwa, mkataba umeisha wenyewe. Alikuwa na bosi wawili siku zote za kazi, na siku ya kufukuzwa hakuwa na hata mmoja. Alipopata mtu wa kumwelekeza Tume, muda ulikuwa umempita, ikabidi aanze kwa kuomba kuongezewa muda na kueleza kwa nini amechelewa. Na bado hapo kuna swali la kujaza kwenye fomu: unamlalamikia nani?

Sheria haiko kimya kabisa. Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 kinaweka dhana ya nani ni mfanyakazi kwa kutazama hali halisi: nani anaelekeza namna ya kufanya kazi, nani anapanga saa, vitendea kazi ni vya nani, mtu anamtegemea nani kiuchumi. Kwa vigezo hivyo, sisi ni wafanyakazi wa kampuni tunazozitumikia. Lakini mtu wa mshahara wangu atalifikishaje swali hilo mahakamani, bila wakili, huku anatafuta kodi ya chumba?

4. Uzazi, uzee na kukosa kazi

Mama mjamzito ana haki ya likizo ya uzazi yenye malipo ya siku 84, na 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Kwenye mkataba wa miezi mitatu, tumbo likionekana, mkataba hauhuishwi. Hakuna anayeandika sababu. Dada zetu wamejifunza kubana nguo, na wanabeba maboksi wakiwa na mimba ya miezi sita ili wasigundulike. Hilo nimeliona kwa macho yangu.

NSSF nayo. Pensheni inadai michango ya miezi 180, na fao la kukosa ajira linadai isiyopungua 18. Mtu aliyepitishwa kwa mawakala kadhaa, kila mmoja na namba yake ya mwajiri, akiangalia taarifa yake anakuta mapengo ambayo hayamo kwenye slipu zake za mshahara.

5. Uzoefu usio na jina

Anayeondoka kazini anastahili hati ya utumishi. Ya kwetu inaandikwa na wakala: "alikuwa mfanyakazi wetu", na wadhifa unaoitwa msaidizi. Haisemi kwamba dada huyu aliandaa mishahara ya mamia ya watu, wala kwamba kaka yule aliendesha mashine ya kunyanyulia mizigo. Akienda kwenye usaili mwingine anaonekana mgeni wa kazi aliyoifanya kwa miaka.

6. Ada kwa waombaji

Hili nalipitia haraka kwa sababu kila mtu analijua. Kuna wanaojiita mawakala wanaodai fedha za fomu, za usajili, za "kufungua faili", zitumwe kwa namba ya simu. Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, unasema wazi katika ibara ya 7 kwamba wakala hatamtoza mfanyakazi ada wala gharama, moja kwa moja au kwa kuzunguka. Wakala wa kweli analipwa na anayeajiri. Wamiliki wa kampuni safi mngekuwa wa kwanza kuwataja hadharani hao matapeli, maana wanakula kwa jina lenu.

Ndugu wamiliki na wakurugenzi,

Sasa nizungumze nanyi kuhusu soko, kwa kuwa najua mnalitazama kila siku kama mimi.

Ile kazi ya kupokea CV na kuzipanga, ambayo zamani kampuni iliwalipa ninyi, sasa kampuni inaifanya yenyewe kwa programu. Serikali ina Ajira Portal kwa nafasi zake. TaESA, chombo cha serikali cha huduma za ajira, inaunganisha watafuta kazi na waajiri. Kilichowabakia wengi wenu ni ile asilimia ya kila mwezi juu ya vichwa vyetu, na asilimia hiyo inasimama juu ya ukimya wa msimamizi wa sheria. Siku ukimya huo ukiisha, mtabaki na nini?

Wakati huohuo kuna kazi kubwa ambayo hakuna anayeifanya ipasavyo. Miradi iliyokusanya maelfu ya mafundi inafika mwisho au inapungua watu. Bwawa la Julius Nyerere lenye megawati 2,115 limeshajengwa. Reli ya kisasa kati ya Dar es Salaam na Dodoma inabeba abiria tangu 2024. Bomba la mafuta la kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, nalo halihitaji wachomeleaji milele. Watu hawa wamefundishwa kazini kwa viwango ambavyo chuo chetu cha ufundi kingechukua miaka kuvifikia, kisha wanarudi Rufiji, Kilosa na Handeni kukaa vijiweni. Nani anajua majina yao? Nani amewapima, akawaandikia vizuri wanachokijua, akawapeleka kwa mwenye kiwanda Mkuranga au Kibaha anayelalamika kwamba mafundi hawapatikani? Hiyo ndiyo kazi ya wakala, na malipo yake yapo. Naamini kampuni zitakazokuwa hai miaka kumi ijayo ni zile zitakazojulikana kwa kupata mtu sahihi, kumthibitishia mwajiri ujuzi wake, na kumwachia.

Najua majibu yaliyozoeleka. Nayataja ili tusipotezeane muda.

Mtasema kampuni zinahitaji wepesi, biashara hupanda na kushuka. Ni kweli. Lakini wepesi wa kweli ni wa wiki na miezi, na hakuna anayeukataa. Mtu akiwa kwenye kiti kilekile mwaka wa tano, huo si wepesi tena.

Mtasema bila ninyi tungekaa bila kazi kabisa, na hakuna aliyetulazimisha kusaini. Mwaka 2025 waombaji 135,027 walijitokeza kugombea nafasi 1,596 za Mamlaka ya Mapato. Ni watu zaidi ya 80 kwa kila nafasi. Mbele ya foleni ya namna hiyo mtu atasaini chochote. Sheria ya kazi iliwekwa kwa ajili ya mtu aliye kwenye foleni hiyo hasa.

Na ofisi ya Waziri itaweza kusema kwamba jambo hili lilishamalizwa. Kanuni za mwaka 2014 za mawakala binafsi, chini ya Sheria ya mwaka 1999 ya kukuza huduma za ajira, zilitaka wakala abaki kuunganisha watu na waajiri, asiwe mwajiri wa watu wanaofanya kazi kwa mwingine. Tulizisikia na tukafurahi. Kilichobadilika ni majina ya mikataba: kilichokuwa kukodisha wafanyakazi kikaitwa kutoa huduma, na watu walewale wakabaki kwenye viti vilevile. Marufuku isiyosema mfanyakazi anahamia wapi, lini, na nani anaulizwa asipohama, inakwepeka kwa kubadilisha kichwa cha karatasi.

Wenzetu wa kusini mwa Afrika wametutangulia kwa mafunzo mawili tofauti. Namibia ilipiga marufuku kabisa ajira za wakala kwa sheria yake ya mwaka 2007, na mwaka 2009 Mahakama ya Juu ya huko ikaitengua marufuku hiyo kwa kuwa ilikiuka haki ya kikatiba ya kufanya biashara. Afrika Kusini ikaenda njia nyingine. Tangu Januari 2015, mfanyakazi wa wakala mwenye kipato kisichovuka kiwango kilichowekwa, akizidisha miezi mitatu kwa mteja bila kuwa na kazi ya muda ya kweli, anahesabiwa kuwa mwajiriwa wa mteja, na hatakiwi kutendewa vibaya kuliko wenzake wanaofanya kazi inayofanana. Waajiri na mawakala walipinga hadi juu, na mwaka 2018 Mahakama ya Katiba ikaamua kwamba baada ya miezi hiyo mteja peke yake ndiye mwajiri kwa mambo ya sheria hiyo. Biashara ya mawakala haikufa huko.

Kwa hiyo tunaomba yafuatayo.

Mheshimiwa Waziri, peleka bungeni kifungu kinachosema kwamba mtu wa wakala akivuka miezi mitatu kwenye kazi isiyo ya muda, kampuni anayoitumikia ndiyo mwajiri wake, na siku zake zihesabiwe tangu alipoanza. Siku za katikati zilizopachikwa kukata mfululizo zisihesabiwe kuwa zimekata. Kabla ya kifungu hicho kupita, tunaomba wakala na kampuni wawajibike kwa pamoja mbele ya Tume, ili mfanyakazi awataje wote wawili kwenye fomu moja na wao wakamalizane huko ndani. Kifungu cha fidia kwa kampuni inayotaka kumwajiri mtu wa wakala kifutwe kwenye mikataba yote, ya sasa na ijayo. Na maofisa kazi wakija kukagua, wasiishie kwenye orodha ya wafanyakazi wa kampuni. Waombe ankara za wakala wa miezi 24 iliyopita na walinganishe majina. Mtu atakayejirudia humo toka mwanzo hadi mwisho hahitaji ushahidi mwingine.

Ndugu wakurugenzi, ninyi tunawaomba mambo mawili ambayo hayahitaji Bunge. Mpeni kila mfanyakazi nakala ya sehemu ya mkataba wenu na mteja inayomhusu yeye, pamoja na kiasi mnacholipwa kwa ajili yake. Na hati ya utumishi ieleze kazi mtu aliyoifanya na mahali alipoifanyia.

Kwa vyama vya wafanyakazi nina ombi moja fupi: mnapojadili na kampuni mkataba wa hali bora, yaani makubaliano ya pamoja ya masharti ya kazi, ulizeni na sisi wa wakala tuko wangapi, mtuweke humo.

Baadhi yetu tuko tayari kuitwa, kwa pamoja au mmoja mmoja, mbele ya ofisa yeyote utakayemteua, Mheshimiwa. Tutakuja na slipu zetu za mshahara, mikataba yetu yote kwa tarehe, na taarifa za michango ya NSSF, ili ofisi yako ijionee ni kampuni gani na wakala gani, mambo ambayo hapa hadharani nimeyahifadhi. Tunachoomba ni kuhakikishiwa kwa maandishi kwamba atakayekuja hataondolewa kazini kwa kuja kwake.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Karani wa mishahara, ajira ya wakala
Dar es Salaam

Nakala:
Kamishna wa Kazi
Wakala wa Huduma za Ajira Tanzania (TaESA)
Chama cha Waajiri Tanzania (ATE)
Shirikisho la Vyama vya Wafanyakazi Tanzania (TUCTA)